Bunduki Yenye Mkwaruzo

Wauza nguo wa Shisanhang, soko la Guangzhou huko China, walimjua Kissa kwa vidole vyake. Kabla hajauliza bei, kabla hajasalimu vizuri, alikuwa ameshaigeuza blauzi ndani nje na kuuvuta mshono kwa vidole gumba viwili, taratibu, jicho amelikodoa kama anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto. Mshono ukicheka, blauzi ilirudi mezani bila neno. Usipocheka, ndipo aliposema, "Laoban, shikamoo," akimaanisha bosi, na muuzaji, ambaye hakujua shikamoo ni nini lakini alijua mama huyu amekubali, alichomoa kikokotozi chake na biashara ikaanza.

Alikuwa mama wa watoto wanne kutoka Kyela, mwenye duka la nguo Mbeya mjini, darasa la saba lake alilimaliza kwa kusukumwa. Kilichomsaidia si vitabu, ni hofu. Mwoga huona mengi. Kissa akipanda gari alihesabu milango, akiingia hotelini aliuliza ngazi ya nyuma iko wapi, na mkoba wake aliukumbatia kama kichanga hata akiwa amekaa peke yake chumbani.

Na isemwe mapema, ili mwenye moyo mwepesi asome kwa amani: mambo yaliisha salama.

Mwaka huo wa tisini na nane Kissa alifika Guangzhou na shughuli mbili. Ya kwanza ilikuwa nguo, kama kawaida. Ya pili alimwambia Bimdogo tu, mfanyabiashara wa Unguja aliyemzidi umri kwa miaka mingi na aliyekuwa akilala naye chumba kimoja kila walipokutana huko, kwenye nyumba ya wageni jirani na stesheni ya treni. Alimwambia wakiwa kwenye mgahawa wa tambi wa Waislamu, mahali ambapo Bimdogo alikula bila kuuliza maswali.

"Nataka kununua bunduki," alisema Kissa, sauti chini.

Bimdogo aliweka vijiti vyake mezani. Hakuwahi kuvipenda hata hivyo.

"Mwanangu, biashara imekuwa mbaya kiasi hicho?"

"Ya upepo, Bi. Ya kupigia kindi na panya."

"Kindi," alisema Bimdogo. "Watu wanakuja China kuchukua redio, mikoba, viatu vya harusi. Weye umepanda ndege mbili kwa ajili ya kindi."

"Wewe shamba lako la karafuu. Kindi hali karafuu."

"Hali. Ana adabu."

Kissa alicheka kidogo, kisha akamweleza yote. Mumewe, Thadeo, alikuwa na kakao, shamba lililorithiwa kwa baba yake, na kindi wa Kyela walikuwa wameonja kakao wakaamua hakuna tena chakula kingine duniani. Walitoboa tunda likiwa bado mtini, wakafyonza utamu wake, wakaacha ganda linaning'inia kama mtungi uliopasuka. Usiku panya buku walimalizia yaliyodondoka. Thadeo aliwapiga kwa bunduki ya upepo aliyoinunua kwa mtu aliyeinunua kwa mtu. Ilikuwa imeshaanguka kutoka kwenye baiskeli mara nyingi, mtutu ukapinda, na Thadeo mwenyewe akaunyoosha kwa kuubana kwenye panda ya mti. Alipomaliza alifumba jicho moja, akautazama, akasema sasa umenyooka.

Haukuwa umenyooka. Msimu uliopita Thadeo alimlenga kindi juu ya tawi, na binti yao Kalista alikuwa mbali upande wa kushoto, mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili angedhani risasi ingefika, ameinama anaokota matunda kwenye kikapu. Kirisasi kilimpata shavuni, chini kidogo ya jicho. Daktari wa misheni alikitoa, akasema kingepanda upana wa kidole tu, tungekuwa tunaongea mengine.

Kovu lilikuwa dogo kama punje ya mtama. Kalista mwenyewe alikwisha kulisahau, akawa analipaka poda siku za Jumapili tu. Lakini Kissa aliliona kila alipofumba macho. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Yeye alishtuka hata mlango ukigongwa. Thadeo, kwa aibu, aliifungia ile bunduki darini, na kindi wakajua, wakaleta ndugu zao.

"Kwa hiyo anataka nyingine," alisema Bimdogo.

"Anataka nyingine ya kiwandani, mpya, iliyonyooka. Polisi wamempa kibali, ninacho. Mimi nilitaka tuache kabisa. Lakini hiyo kakao ndiyo ada ya Kalista, na Kalista mwenyewe ndiye aliyeniambia, mama, lete iliyonyooka. Yeye ndiye anayezunguka chini ya ile miti, Bi. Nikikosea kuchagua, nitakuwa nimempelekea risasi mwanangu mwenyewe."

Bimdogo hakutania tena. Aliomba chai nyingine, akamsogezea Kissa bakuli lake la nyama ambalo Kissa hakuwa ameliomba.

Bunduki huko haikuwa kitu cha kuokota sokoni. Sheria ilikuwa imekazwa. Hata ya upepo hukuweza kuinunua ukatoka nayo mtaani. Ziliuzwa na kampuni ya vifaa vya michezo yenye ruhusa ya kupeleka nje. Mnunuzi alionyesha kibali cha nchi yake, akachagua, akalipa, na mzigo ukapelekwa na kampuni yenyewe hadi Huangpu, bandarini, ukaingizwa kwenye kontena mbele ya maofisa. Mnunuzi aliiona tena bunduki yake kwao.

Aliyeijua njia hiyo alikuwa Haroun, kijana wa Dar es Salaam aliyekuja kusomea uhandisi, akamaliza, akagundua kwamba Kichina alichojifunza kinalipa kuliko daraja lolote ambalo angejenga. Sasa alikuwa wakala wa kutoa mizigo Huangpu, na nguo za Kissa na Bimdogo zilisafiri katika kontena lake. Zaidi ya hayo alikuwa amepita JKT, kwa hiyo kitako cha bunduki hakikuwa kigeni begani mwake.

"Shikamoo mama Kalista," alisema alipokuja kuwachukua. "Shikamoo Bi. Na wewe unakuja? Huko hakuna vitenge."

"Marahaba. Naja kumshika mkono. Tena miye sijapata kuona bunduki isiyokuwa mikononi mwa mwanamume mjinga."

Mwenye kampuni alikuwa Bwana Deng, mnene, mchangamfu, kikokotozi kinaning'inia shingoni kwa kamba kama filimbi ya refa. Ukuta mmoja wa ofisi yake ulikuwa umejaa bunduki za upepo, vitako vinang'aa kwa vanishi. Nyuma ya ofisi kulikuwa na ghala refu, na mwisho wake fremu ya mbao yenye karatasi ya shabaha, na nyuma ya fremu magunia ya mchanga.

Kissa alikuwa na agizo moja tu kutoka kwa Thadeo, na alilikariri kama sala. "Usitazame kama zimepiga katikati. Kulenga nitarekebisha mwenyewe, kuna skrubu. Tazama kama zinakaa pamoja. Bunduki inayotawanya haina dawa." Aliwaza kwamba mume wake, pamoja na ile panda ya mti, hakuwa mjinga kabisa.

Walianza na iliyokuwa nzuri kuliko zote, kitako chekundu kama kahawa iliyoiva, kimechorwa maua. Bwana Deng aliisifu kwa mikono yote miwili. Haroun aliilaza juu ya gunia la mchanga ili mkono wa mtu usiwe na la kusema, akapiga tano. Karatasi iliporudi, matundu yalikuwa yametapakaa kama mahindi aliyomwagiwa kuku.

"Bu yao," alisema Kissa. Sitaki. Maneno hayo mawili ya Kichina alikuwa anayatamka kama mwenyeji.

Ya pili ilikuwa nzito, lakini Kissa alipoishika mtutu pale unapokunjwa kupakia risasi, ukacheza, kidogo sana, kama jino la mtoto linalotaka kutoka. Aliirudisha kabla haijapigwa. Bwana Deng alimwangalia upya.

Ya tatu ilikuwa ya kuonyeshea tu, imechoka kwa kushikwa na watu. Kitako chake kilikuwa na mkwaruzo mrefu na tone la rangi nyeupe lililodondokea wakati ukuta unapakwa. Kissa alikunja mtutu, akaukunjua, akausikiliza ukifunga. Haukucheza. Haroun alipiga tano. Bwana Deng alikwenda mwenyewe kuchukua karatasi, akarudi ameishika kwa ncha za vidole, akaiweka mezani, akafunika matundu yote matano kwa sarafu moja.

Yalikuwa juu kidogo na kulia kidogo ya alama. Lakini yalikaa pamoja, yamebanana kama vifaranga chini ya mama yao.

Kissa aliinua ile sarafu, akayahesabu matundu, akaifunika tena. "Hii," alisema.

Na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mtu asiye mfanyabiashara asingeweza kulifanya.

Kila anayenunua Guangzhou anafundishwa jambo moja siku ya kwanza, na Kissa alifundishwa na Bimdogo mwenyewe: sampuli haichukuliwi. Sampuli imepigwa jua, imeshikwa, imevaliwa na wapita njia. Iache mezani, wewe dai katoni iliyofungwa. Kissa aliutazama ule mkwaruzo. Akalitazama tone la rangi. Kinywa chake kikasema chenyewe, kama kilivyosema mara elfu: "Haroun, mwambie anipe kama hii, mpya, ya kwenye boksi."

"Umesema," alisema Bimdogo, akiitikia kwa kichwa kama mwalimu.

Haroun naye, wakala mzoefu, hakuona ajabu yoyote. Alitafsiri. Bwana Deng alifurahi. "Yiyang, yiyang," alisema, akimaanisha ni zilezile, na akaleta katoni yenye utepe ambao haujaguswa. Kissa aliukagua ule utepe pande zote. Uko salama. Akalipa, akatoka nje na Bimdogo, akanunua machungwa, akala mawili palepale njiani.

Kesho yake asubuhi alikuwa Shisanhang kumalizia blauzi, maana siku iliyofuata kontena lingefungwa. Muuzaji alikuwa msichana mpya asiyemfahamu. Kissa aliivuta sampuli, mshono ukavumilia. Msichana akataka kufunga biashara. Kissa akasema ngoja, akauomba mzigo wenyewe, akapenyeza mkono katikati ya bunda, akachomoa blauzi moja kutoka tumboni mwake, akaivuta nayo.

Msichana alinung'unika. Alionyesha sampuli, akaonyesha bunda, akasema yiyang, yiyang.

"Hiyo siinunui," alimwambia Kissa kwa Kiswahili, akiigonga ile sampuli kwa kidole. "Ninayonunua ni hii. Navuta ninayonunua."

Akaganda, kidole kikiwa bado hewani.

Bimdogo, aliyekuwa meza ya pili akibishana juu ya sketi, alimwona anakaa chini juu ya bunda la watu kama aliyekatwa miguu. Alikuja haraka.

"Nini? Presha?"

"Bi, nimeipiga moja nikanunua nyingine."

"Sketi?"

"Bunduki. Ile iliyokaa pamoja nimeiacha ukutani. Nimenunua ya ndani ya boksi ambayo hakuna aliyeipiga. Nguo nachomoa katikati ya bunda, hata leso nachomoa katikati ya bunda. Bunduki ya mwanangu nimetazama utepe."

Bimdogo alifungua mdomo kusema kwamba kiwanda ni kimoja, kisha akaufunga. Alikuwa ameuza nguo miaka mingi. Alijua kwamba kitambaa kimoja, mashine moja, mchoro mmoja, vinaweza kutoa blauzi mbili ambazo moja inadumu hadi mtu azikwe nayo na nyingine inachanika siku ya kwanza.

"Nami nilikaa pale naitikia kwa kichwa kama mbuzi," alisema. "Inuka. Mwite Haroun."

Haroun aliipokea simu ya Kissa akiwa bandarini. Alisikiliza, kisha akasema, polepole, "Mama, unajua, hata mimi sikuliona." Mzigo wa kampuni ulikuwa haujaondoka, ungepelekwa Huangpu kesho asubuhi. Aliacha kazi zake, akawakuta mlangoni kwa Bwana Deng wakati wafanyakazi wanarudi kutoka kula.

Bwana Deng aliwapokea kwa furaha iliyopungua kadiri Haroun alivyoeleza. Alishika kikokotozi, akabonyeza tarakimu, akamgeuzia Kissa.

"Anadhani unataka punguzo," alisema Haroun.

"Mwambie sitaki punguzo. Nataka ile yenye mkwaruzo. Kwa bei ya mpya."

Haroun alitafsiri. Ndipo Bwana Deng alipoanza kuogopa kwelikweli. Mteja anayelilia bei alimjua. Mteja anayeomba kilichochakaa kwa bei ya kipya hakuwahi kukutana naye, na alimtazama Kissa kana kwamba kuna dhahabu ndani ya ule mtutu ambayo yeye peke yake ndiye hakuijua. Aliongea maneno mengi.

"Anasema ni zilezile."

"Basi tupige ya kwenye boksi," alisema Kissa. "Ikikaa pamoja, naomba radhi naenda zangu."

Bwana Deng akaileta katoni. Utepe ulikatwa. Bunduki ilitoka inanukia mafuta, haina hata alama ya kidole, kitako kinang'aa kiasi kwamba Bimdogo alijiona ndani yake akarekebisha mtandio. Haroun aliilaza kwenye gunia lilelile, akapiga tano bila haraka.

Moja ilikuwa juu. Moja chini. Mbili kushoto, mbalimbali. Ya tano hawakuiona. Waliitafuta kwenye karatasi, wakaitafuta upande wa nyuma wa karatasi, mpaka Kissa mwenyewe, kwa macho yake yale, alipoiona imezama kwenye mbao ya fremu, kushoto, nje kabisa ya shabaha.

Aliigusa kwa kidole. Zile nne nyingine hazikumsumbua. Kila bunduki mbovu ina nne za namna ile. Ni ya tano inayomkuta mtu ameinama na kikapu chake.

Bwana Deng alikuwa muuzaji, lakini macho alikuwa nayo. Alikiachia kikokotozi, kikaning'inia tumboni.

"Iko wapi ile?" aliuliza Kissa.

Ukutani, pale ilipokuwa, kulikuwa na msumari mtupu.

Haroun aliuliza. Bwana Deng alijikuna sikio, akajibu kwa ufupi, akitazama pembeni.

"Anasema ipo nyuma. Jana alivyoona umeikataa kwa sababu ya mkwaruzo, aliona bora waipige msasa, waipake vanishi upya. Auze kama mpya."

"Wameifungua?"

"Wameitoa kitako."

Kissa aliingia chumba cha nyuma bila kukaribishwa. Huko, juu ya magazeti, kitako kilikuwa kimelala peke yake, nusu kimepigwa msasa, mkwaruzo umebaki nusu, na tone la rangi bado lipo. Chuma kilikuwa kwenye beseni, kando yake. Vilionekana kama vitu viwili ambavyo havijawahi kujuana.

"Vanishi hawajaanza," alisema Bimdogo nyuma yake, akinusa. "Ni mbao tu, mwanangu. Mtu akivuliwa kanzu habadiliki."

"Bunduki si mtu, Bi."

"Ndiyo. Ina nafuu."

Mfanyakazi wa nyuma aliifunga upya, skrubu moja baada ya nyingine, na Kissa akasimama juu yake kama anayesimamia chungu cha maziwa. Aliukunja mtutu mwenyewe. Haukucheza. Lakini hakujiamini tena. Jana pia alijiamini. Walirudi ghalani, gunia lilelile, karatasi mpya. Haroun alijifuta jasho la mikono kwenye suruali kabla ya kuanza, akapiga moja, akapakia, akapiga ya pili. Kissa aliutazama ukuta. Alisikia ya tatu, ya nne, ya tano, kila moja kama mtu anayefunga kitabu.

Haroun ndiye aliyekwenda kuchukua karatasi. Alirudi anatembea taratibu mno, na Kissa akakata tamaa, mpaka alipoona kwamba kijana anazuia kicheko.

Matundu hayakuwa tena juu na kulia. Kule kufunguliwa kitako kulikuwa kumeyasogeza; sasa yalikuwa chini, na kushoto kidogo. Lakini yalikuwa yamehama nyumba pamoja, yote matano, hakuna lililoachwa nyuma. Bwana Deng alitoa sarafu yake mfukoni, akayafunika, ikatosha.

"Thadeo atarekebisha," alisema Kissa. "Kuna skrubu." Kisha akalazimika kuketi juu ya gunia la mchanga, akajipepea kwa ile karatasi, na machozi yakamtoka bila yeye kuyashughulikia sana.

Alipokwisha kulia, alisema, "Naomba nami nipige moja."

Bimdogo alirudi nyuma hatua tatu. "Haroun, njoo huku nyuma yangu. Hapana, miye nyuma yako."

Kissa hakuwahi kushika kifyatulio maishani mwake. Haroun alimwonyesha namna ya kuegemeza shavu, na shavu lake likagusa ile mbao iliyopigwa msasa nusu, mahali palepale ambapo Kalista alikuwa na kovu. Akapiga. Tundu lake lilikaa nje kidogo ya yale matano, kama mtoto aliyesimama mlangoni wakati wakubwa wanaongea. Bwana Deng alipiga makofi, na alikuwa anamaanisha.

Hakukubali ifungwe mpaka ameiwekea alama. Bimdogo na Kissa waliweka alama mabunda yao yote kwa kipande cha nguo ya kwao, ili Huangpu, ambako kila katoni ni pacha ya nyingine, mtu aweze kulijua la kwake akiwa mbali. Kissa aliutoa mkasi mkobani, akakata pindo la kitenge alichojifunga, akalizungusha kwenye chuma kinachokinga kifyatulio, akapiga fundo la kwao la kufungia mbuzi, ambalo asiyelijua hulikata tu, halifunguki. Bwana Deng aliuliza ni la nini.

"Mwambie ni la baraka," alisema Kissa.

"Ni la kumchunga yeye asibadilishe," alisema Bimdogo. "Lakini mwambie la baraka."

Siku ya kufunga kontena walikwenda wote Huangpu. Kissa hakupaswa kwenda. Wateja wengi walimwachia Haroun. Alisimama nyuma ya mstari wa njano, mkoba kifuani, akatazama mabunda ya blauzi yakiingia, ya Bimdogo yenye alama za kanga, ya kwake yenye alama za vitenge. Gari la kampuni lilifika. Ofisa aliifungua katoni ndefu, akalinganisha namba na makaratasi, akaiinua bunduki juu kidogo kwenye mwanga. Nusu ya kitako iling'aa, nusu ilikuwa nyeupe kama mguu uliotoka kwenye bandeji. Kitenge cha bluu na njano kilining'inia pale kwenye kifyatulio.

Ofisa alilishika lile fundo, akajaribu kulifungua, akashindwa, akaliacha. Katoni ikafungwa. Milango ya kontena ikafungwa. Haroun aligeuka kuwatazama kutoka kule, akanyanyua mkono.

"Ndaga," alisema Kissa kwa Kinyakyusa, kimya kimya, asijue anamshukuru nani kati ya wote waliohusika. Labda yule msichana wa blauzi.

Basi la kurudi mjini lilikuwa nusu tupu. Bimdogo alianza kusimulia habari ya binamu yake aliyeuziwa mafriji yasiyo na mota ndani, kisa ambacho Kissa alikuwa amekisikia mara nyingi na ambacho kila mara mafriji yaliongezeka. Safari hii yalipofika arobaini Bimdogo alingoja Kissa amkatize. Hakumkatiza. Bimdogo akageuka.

Kissa alikuwa amelala. Kichwa kilikuwa kimeegemea kioo, mdomo wazi kidogo, na mkoba, ule mkoba, ulikuwa umeteleza kutoka mikononi mwake ukabaki umelala pembezoni mwa kiti, mkanda unaning'inia njiani kwa yeyote anayeutaka. Miaka yote waliyosafiri pamoja, Bimdogo hakuwahi kumwona mwanamke huyu amefumba macho ndani ya gari. Aliuchukua mkoba taratibu, akauweka mapajani mwake, akaufunika kwa mtandio.

Kituo chao kilifika. Kondakta alikitangaza. Bimdogo alimtazama Kissa, akamtazama kondakta, akatikisa kichwa, basi likaendelea. Lilipita daraja, likapita mtaa ambao Bimdogo hakuujua jina, likaingia kwenye foleni ya magari, likasimama, likaenda tena.

Kule karibu na mwisho wa njia, basi liliruka shimo na Kissa akafungua macho nusu.

"Mkoba," alisema.

"Ninao miye."

"Tumefika?"

"Bado."

Kissa alirudisha kichwa kwenye kioo, akalala tena.